Miche ya muiri na podo inapauka Januari, Julai iko salama: ni baridi, jua au mbolea?

kinangop_juu

Habari za humu, wadau. Nina swali kuhusu miche ya miti ya asili kwenye baridi.

Eneo ni Kinangop, Kenya, mwinuko wa mita 2,550 hivi. Ni shamba la zamani la viazi, halina mti hata mmoja, linainamia mashariki, na chini yake kuna ua mnene wa saipresi. Miche 400 ilipandwa Aprili na mvua za masika: muiri (Prunus africana), podo (Podocarpus latifolius), mutarakwa (Juniperus procera) na mumondo (Hagenia abyssinica). Ilitoka kitaluni ikiwa na sentimita 25 hadi 30, na huko ilikaa chini ya neti ya kivuli hadi siku ya kupakiwa.

Juni hadi Agosti, miezi yenyewe ya baridi, haikuwa na tatizo. Ukungu na manyunyu, lakini kijani kilibaki kijani. Shida ilianza Januari: usiku anga safi bila wingu, alfajiri nyasi zimekuwa nyeupe kwa jalidi, halafu ikifika saa mbili jua kali. Baada ya wiki mbili majani ya juu ya muiri na podo yalipauka, kwanza rangi ya ndimu, kisha manjano, mengine karibu meupe. Mutarakwa na mumondo imeguswa kidogo tu. Miche michache iliyo nyuma ya rundo la mabua ya mahindi, upande wake wa magharibi, haikupauka kabisa.

CAN (mbolea ya nitrojeni) iliwekwa Desemba, gramu 10 kwa mche, na haikuzuia kupauka.

Kwa nini Januari na si Julai? Ikiwa mwanga ndio chakula cha mti, kivuli kinasaidiaje? Na nitajuaje kwa hakika kwamba si upungufu wa mbolea?

jani_na_nuru

Jibu lako liko nyuma ya lile rundo la mabua. Miche iliyo magharibi yake ilipata udongo ule ule na usiku ule ule. Ilichokosa ni jua la asubuhi.

Usanisinuru ni kazi mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza ni kunasa mwanga: klorofili, ile rangi ya kijani, inapokea nishati na kuipeleka kwenye fotosistemu, mitambo midogo ya jani inayoanza kuifanyia kazi. Hiyo ni fizikia tupu, baridi haiigusi. Jani lenye nyuzi joto 2 linanasa mwanga sawa na jani lenye nyuzi 25. Ya pili ni kuitumia nishati hiyo kugeuza kaboni dioksaidi kuwa sukari, na hiyo ni kazi ya vimeng'enya, rubisko kikiwa mbele. Vimeng'enya vinategemea joto. Kwa kadirio la kawaida, kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10 kasi yake inapungua karibu nusu. Miti mingi ya nyanda za juu hufanya kazi vizuri zaidi jani likiwa na nyuzi 18 hadi 25 hivi, na saa mbili ya asubuhi ya jalidi jani lako huenda halijafika hata nyuzi 5.

Tia namba sasa. Jua la adhuhuri isiyo na wingu ni karibu maikromoli 2,000 za fotoni kwa mita ya mraba kwa sekunde. Saa mbili na nusu asubuhi, jani linalotazama mashariki kwenye mteremko kama huo linaweza kupata zaidi ya 1,000. Jani lililokulia chini ya neti hushiba kwa 200 hadi 400 hata likiwa na joto zuri. Kinachozidi hapo hakiongezi sukari. Likiwa na baridi hushiba mapema zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nishati iliyonaswa haina pa kwenda.

Jani lina kinga yake. Mwanga ukizidi, rangi iitwayo violaksanthini hugeuzwa kuwa zeaksanthini, na nishati ya ziada hutolewa kama joto kabla haijaleta madhara. Lakini hata ugeuzaji huo ni kazi ya kimeng'enya, nao hukawia kwenye baridi. Nishati isiyotolewa huzaa oksijeni yenye ukali, na kinachoumia kwanza ni protini D1 iliyo katikati ya fotosistemu ya pili. D1 huvunjika kila siku hata kwenye mti wenye afya, na kila siku jani hutengeneza nyingine. Shika jambo hili kuliko yote: kasi ya kuvunjika inafuata wingi wa mwanga, kasi ya kukarabati inafuata joto. Asubuhi ya Januari ya kwanza iko juu na ya pili iko chini, siku baada ya siku, mpaka klorofili yenyewe inaanza kuharibika. Huko ndiko kupauka unakokuona.

Julai baridi ipo, lakini wingu zito linaweza kushusha mwanga wa adhuhuri hadi 200 au 500. Jani linapokea kidogo na kutumia kidogo, hesabu inalingana. Isitoshe, wingu la usiku ni blanketi. Anga safi ya Januari hufyonza joto la jani moja kwa moja, na jani huwa baridi kuliko hewa inayolizunguka kwa nyuzi kadhaa. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa kimo cha mtu kinaweza kusoma nyuzi 3 au 4 huku nyasi zimeganda. Ukitaka ukweli wa mche, weka kipimajoto cha kiwango cha chini na cha juu penye kimo cha mche, sentimita 30 kutoka ardhini.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalihesabu. Miche iliyopandwa Aprili ilitoa majani mengi ikiwa chini ya wingu la Juni, Julai na Agosti. Majani hayo ni ya kivuli: membamba, yenye klorofili nyingi ya kunasa mwanga na vimeng'enya vichache vya kuutumia. Kisha Desemba anga inafunguka juu yake.

Kuhusu kivuli: saa zile tatu za asubuhi jani halikuwa linatengeneza sukari ya maana, kwa hiyo ukiziba jua huinyimi miche chakula. Ziba hadi saa tatu au saa tatu na nusu, kisha iache ipate jua lote jani likishapata joto. Faida ya mwanga unaipata, hasara yake unaikwepa.

mkaguzi_wa_majani

Nakubaliana na hapo juu, ila kuhusu rundo la mabua kuna tahadhari. Rundo linaziba pia kipande cha anga usiku, hivyo mche ulio nyuma yake huwa na joto kidogo zaidi. Huwezi kusema moja kwa moja kuwa ni jua peke yake. Kuna jaribio rahisi la kutenganisha, nitalieleza mwishoni.

Kwanza soma jani. Chukua muiri uliopauka na utafute mahali jani moja limelalia jingine. Linyanyue la juu taratibu. Kama chanzo ni mwanga juu ya baridi, utakuta kwenye jani la chini umbo kamili la lile la juu limechorwa kwa kijani, mpaka ule msumari wa ncha yake, na pembeni mwa mchoro huo rangi imepauka. Hakuna upungufu wa mbolea unaochora kivuli. Geuza jani pia: upande wa chini hubaki kijani zaidi kuliko wa juu.

Nitrojeni ikipungua, majani ya zamani ya chini ndiyo yanayoanza, manjano yake ni sare, na yaliyo kivulini hayasalimiki. Chuma kikikosekana, machanga kabisa ndiyo hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Jalidi yenyewe, yaani barafu kupasua tishu, haipiti kwenye manjano: jani likiyeyuka linaonekana kama limeloweshwa maji, kijani cheusi, na ndani ya siku moja hadi tatu kingo zinakuwa kahawia na kukatika ukizikunja. Ukiona kahawia na manjano kwenye mche mmoja, una matatizo mawili kwa pamoja, na hilo ni la kawaida Januari. Kikonyo chekundu cha muiri usikihesabu, hiyo ni rangi yake ya kuzaliwa.

Kwa majani ambayo bado ni mazima, mwanzoni mwa msimu kunja karatasi nene nyeupe ya sentimita 2 kwa 3 iwe kama kihema juu ya nusu ya jani, ishike pembeni kwa klipu bila kubana, iache siku 10 hadi 14. Fanya kwenye majani 15 au 20 ya miche tofauti, yaliyo juu na yanayotazama mashariki. Ukifunua ukakuta sehemu iliyofunikwa ni kijani na iliyo wazi imepauka, mwanga umehusika.

Ukipata fluorometa (kifaa kinachopima mwanga ambao klorofili inautoa tena) ya kubeba mkononi, basi huna haja ya kubahatisha. Baadhi ya idara za botania vyuoni zinazo. Kipimo cha kuangalia ni Fv/Fm, kinachoonyesha fotosistemu ya pili inatumia mwanga kwa ufanisi gani. Jani zima, kwa mimea mingi ya aina mbalimbali, hutoa karibu 0.83. Pima kabla ya mapambazuko, au weka klipu ya giza dakika 20 hadi 30 kwanza. Ukipima jani lililotoka juani bila kulipumzisha gizani, namba haina maana. Pima jani la tatu kutoka juu, upande wa juu, na usiguse mshipa mkuu. Miche 10 kwa kila kundi ndiyo kiwango cha chini.

Namba moja haitoshi. Pima alfajiri, adhuhuri, na alfajiri inayofuata. Ikiwa adhuhuri inashuka hadi 0.65 au 0.70 na alfajiri imerudi juu ya 0.80, jani linajilinda na kila kitu kiko sawa. Ikiwa alfajiri kwa alfajiri inabaki chini ya 0.75, ukarabati umeshindwa. Ikiwa chini ya 0.60 kwa wiki nzima, jani hilo huenda likaanguka.

Jaribio lenyewe: miche 10 yenye kiambaza (kizuizi kidogo cha kuziba jua) upande wa mashariki, 10 yenye kiambaza kama hicho upande wa magharibi, 10 bila chochote. Viambaza viwe vya ukubwa sawa na umbali sawa. Usiku vyote viwili vinaziba anga kwa kiasi kile kile, tofauti ni jua la asubuhi dhidi ya jua la jioni. Kundi la mashariki likibaki kijani na la magharibi likapauka, umepata jibu ambalo hakuna wa kulipinga.

kinangop_juu

Ahsanteni sana. Nimekagua, na ule mchoro wa kijani upo, kwenye muiri hasa. Kwenye podo majani ni membamba lakini unaonekana pale matawi yanapopishana.

Nauliza la vitendo. Naweza kufunika shamba lote kwa neti ya asilimia 70 mwaka mzima nikaachana na hofu hii? Na matandazo ya majani makavu niongeze? Kwa sasa yana unene wa sentimita 10 hadi shinani.

fundi_kitalu

Neti ya mwaka mzima, hapana. Fanya hesabu ya Julai: mwanga wa adhuhuri 300, neti ya asilimia 70 inaacha 90. Asubuhi na jioni inakuwa 20 au 30, ambayo kwa jani la mti unaopenda mwanga kama mumondo inakaribia kile kiwango ambacho sukari inayotengenezwa inalingana na inayoteketezwa kwa kupumua. Mche hautakufa, ila utarefuka kama kamba, shina jembamba, mizizi michache, majani membamba zaidi. Ukiondoa neti Desemba umeandaa mche laini kuliko ule wa mwanzo. Kivuli kiwe cha msimu na cha upande mmoja.

Kiambaza: gunia la katani lililokatwa, au mabua yaliyofumwa, upana sentimita 50, kwenye vijiti viwili vya sentimita 80, sentimita 20 ziingie ardhini, hivyo kiambaza kinasimama sentimita 60. Kiweke sentimita 30 kutoka kwenye shina. Kwa jua la Kinangop la Januari, kiambaza hicho kinafunika ncha ya mche wa sentimita 35 mpaka karibu saa tatu na nusu. Mche ukifika sentimita 50, kiambaza hicho hicho kitaiacha ncha wazi karibu saa mbili, ambayo ni mapema mno, kwa hiyo kipandishe hadi sentimita 75.

Dira haihitajiki. Januari jua halichomozi mashariki kamili, limesogea kusini kwa kama nyuzi 20. Amka siku moja, jua likichomoza weka kiambaza katikati ya mche na jua. Kosa la kuweka mashariki ya ramani ni dogo, ila kwa kiambaza chembamba linatosha kuacha jua lipenye pembeni.

Gunia lisiguse majani. Jani likilowa na kugusa gunia lililoganda, linaganda nalo. Nailoni angavu usitumie: mwanga wote unapita, na mchana mche unapikwa.

Kwenye matandazo wengi tunakosea. Mchana udongo unahifadhi joto, usiku unalitoa, na mche unalipokea. Nyasi au matandazo ni godoro juu ya udongo: joto haliingii mchana wala halitoki usiku, na hewa iliyo juu ya godoro inakuwa baridi kuliko ile iliyo juu ya udongo mtupu. Katika nyanda za baridi za Australia jambo hili limepimwa kwa mkaratusi wa huko, Eucalyptus pauciflora: miche iliyo juu ya nyasi hupata usiku wa baridi zaidi kuliko iliyo juu ya udongo mtupu, na karibu na miti mikubwa miche huota zaidi upande wa kusini, ambao kule ndio wenye kivuli. Kwa hiyo mwanzoni mwa Desemba sogeza matandazo na palilia duara la kipenyo cha mita moja kuzunguka kila mche. Mwagilia lita 3 hadi 5 mchana, siku unayoona anga imesafika na upepo umetulia. Udongo wenye unyevu unashika joto jingi na kulipitisha vizuri kuliko udongo mkavu wenye hewa.

Na ule ua wa saipresi uliousema: hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji, ikikuta ua mnene inatuama kama bwawa. Pogoa matawi ya chini ya ua mpaka mita moja kutoka ardhini, au fungua mapengo ya mita 2 au 3 pale ardhi inapoinama zaidi. Kama miche iliyo karibu na ua ndiyo iliyoumia kuliko iliyo juu ya mteremko, hilo lifanye kabla ya kiambaza chochote.

makete_baridi

Wakuu, kwa huku Makete na Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, naomba tusiondoe matandazo kirahisi hivyo. Jalidi yetu inakuja Juni hadi Agosti, ambapo ndipo kiangazi chenyewe. Mvua zimekatika Mei na hazirudi mpaka Novemba. Ukiacha udongo mtupu, wiki tatu umekauka hadi chini ya mizizi ya mche mdogo, na udongo mkavu hautoi hilo joto unalolitegemea. Mche wenye kiu hufunga stomata (vitundu vya jani vya kupitisha hewa), kaboni dioksaidi haiingii, na mwanga unakuwa wa ziada hata saa sita mchana jani likiwa na joto. Tunakuwa tumekwepa shida ya asubuhi na kuleta ya mchana.

Vilevile jua letu Juni na Julai linachomoza kaskazini ya mashariki, kwa hiyo kiambaza cha Kinangop kikihamishiwa huku bila kugeuzwa hakifanyi kazi.

jani_na_nuru

makete_baridi yuko sahihi, na sababu zake ni za msingi. Palipo na maji ya kumwagilia, ondoa matandazo msimu wa jalidi. Pasipo na maji, yaache, ila yasogeze kidogo yasiguse shina, na badala ya kutegemea joto la udongo ziba anga: tawi lenye majani lililochomekwa kwa kuinama juu ya mche, likitokea upande jua linakochomoza. Usiku linapunguza joto linalopotea angani, asubuhi linaziba jua. Tawi la saipresi linabaki na majani yake wiki kadhaa. Lisiwe zito hadi kuufunika mche pande zote.

Kuhusu udongo baridi niongeze kitu. Mizizi kwenye udongo wa nyuzi 5 au 6 inavuta maji kwa shida, kwa hiyo hata penye unyevu jani linaweza kuwa na kiu hadi katikati ya asubuhi. Ndiyo maana mwagilia mchana, si jioni kwa maji baridi ya mtoni, na kamwe si alfajiri.

CAN ya Desemba iache. Jani lenye njaa ya nitrojeni lina rubisko kidogo na hupauka haraka zaidi, hivyo mbolea ina nafasi yake, lakini iende na mvua, Aprili na tena mwanzoni mwa Novemba. Ikiwekwa Desemba mizizi kwenye udongo mkavu na baridi haiichukui, na ikichukuliwa inatoa machipukizi laini wiki ile ile jalidi inapofika.

podo_na_mumondo

Mmeeleza vizuri matibabu. Mimi naona kosa lilianzia kwenye mpango wa upandaji: aina nne zenye tabia tofauti ziliwekwa mahali pa wazi siku moja.

Mumondo na mutarakwa ni miti ya kufungua njia. Mumondo huota penye moto uliopita au mti mkubwa ulioanguka, na mutarakwa nayo hukua vizuri penye jua. Majani yao yanajengwa kwa mwanga mwingi toka mwanzo. Podo huzaliwa chini ya wakubwa wake, mahali ambapo mwanga unaofika unaweza kuwa asilimia chache tu ya ule wa juu, na msitu wenyewe unaifunika usiku. Muiri iko katikati: inataka mwanga ili ikue, lakini mche wake mdogo hauvumilii jalidi. Kwa mwinuko wa 2,550 unaikaribia sehemu ya juu ya eneo lake, kwa hiyo usiilaumu.

Kwa shamba lililo wazi, panda mumondo, mutarakwa na mukeu (Dombeya torrida) kwanza, kwa nafasi ya mita 3 kwa 3. Subiri ifike mita 2 au zaidi na taji zianze kukutana. Mumondo na mukeu hukimbia, mutarakwa hufuata polepole. Kisha ingiza podo na muiri upande wa magharibi wa kila mti mlezi, mita 1 hadi 1.5 kutoka shinani. Mlezi anafanya kazi ya kiambaza na ya tawi kwa pamoja, bure. Baadaye, podo zikifika kifua, pogoa walezi taratibu, theluthi moja ya taji kwa mwaka. Ukiwakata wote siku moja unarudi kwenye tatizo lile lile, sasa likiwa kwenye mti wa mita moja na nusu.

Kitaluni napo pana kazi. Kumtoa mche kwenye neti siku ya kupakia ni kumnyima nafasi ya kujenga majani mapya. Jani lililokomaa kivulini haligeuki kuwa la jua. Unene wake umeshawekwa. Mche unajizoesha kwa kutoa majani mapya kwenye hali mpya, na hilo linahitaji muda. Wiki 10 hadi 12 kabla ya kupanda punguza neti kutoka asilimia 70 hadi 50, baada ya wiki nne hadi 30, na wiki nne za mwisho iwe wazi kabisa, kwenye kitalu kilicho karibu na mwinuko wa shamba. Mche uliolelewa mita 1,600 ukapelekwa 2,550 umeshuka kama nyuzi 5 hadi 6 kwa siku moja.

Watu huuliza kwa nini miti mikubwa ya Nyandarua haipauki ilhali iko kwenye baridi hiyo hiyo. Haiko kwenye baridi hiyo hiyo. Taji lake liko mita 15 au 20 juu, nje ya lile ziwa la hewa baridi linalotuama ardhini, na upepo unalipashia joto. Mche uko ndani ya ziwa. Ukipanda juu zaidi utaona hata mimea mikubwa imejitengenezea ulinzi: dendrosenesio za Mlima Kenya hufunga majani yake usiku kuzunguka chipukizi na kuyafungua asubuhi.

kinangop_juu

Nimeelewa. La mwisho: hii miche iliyokwisha kupauka, je, niing'oe? Na viambaza niviondoe lini?

mkaguzi_wa_majani

Usiing'oe. Kwaruza gome kwa ukucha sentimita 5 chini ya ncha: kukiwa na kijani na unyevu, mche uko hai. Kukiwa na kahawia, shuka chini mpaka ukute kijani, kisha kata hapo juu ya jicho. Muiri huchipua upya vizuri.

Majani yaliyopauka usiyakwanyue. Yaliyo rangi ya ndimu mara nyingi hurudi katika wiki chache ukishaweka kiambaza, na yaliyo manjano bado yanalisha mche kidogo. Meupe yataanguka yenyewe. Podo hukaa na majani yake muda mrefu, kwa hiyo usipime kupona kwake kwa rangi ya majani ya zamani. Tazama machipukizi mapya.

Viambaza viwekwe wiki ya kwanza ya Desemba, kabla ya jalidi ya kwanza. Viondoe masika yakishika na asubuhi zikaanza kuwa na mawingu, kwa kawaida mwishoni mwa Machi au Aprili, na uviondoe kwenye wiki yenye mawingu, si siku ya jua kali. Visikae mpaka Juni. Kwa miche 400 huhitaji viambaza 400: weka kwa muiri na podo tu, na kwa mumondo au mutarakwa zilizo pale hewa baridi inapotuama karibu na ua. Msimu wa pili weka kwa ile ambayo ncha yake bado iko chini ya sentimita 60.